Sehemu ya kwanza ya tamthilia ya upelelezi: kiti kitupu kwanza, muuaji baadaye

Tamthilia nyingi za upelelezi hufa ndani ya sehemu ya kwanza, na nyingi hufa kwa ugonjwa mmoja: haraka ya kumfikia muuaji. Dakika ya tatu mwili umeshapatikana. Dakika ya tano mpelelezi ameshuka kwenye gari na koti lake refu. Kufika dakika ya kumi watu wanne wameshahojiwa, na wote wanne wanakwepesha macho. Mtazamaji ameelewa kwamba kuna mtu ameuawa, ila yeye mwenyewe hajapungukiwa na chochote. Marehemu hakumjua, mji haujui, wala hajui ni nani usiku huu atafunika sahani ya chakula isiyo na mlaji. Hapo hata ukimwaga ukungu wa kujaza bonde zima, utakuwa umepamba tu.

Uzito wa tamthilia za aina hii hutoka kwenye pengo. Kulikuwa na mtu, alikuwa na mahali pake, na sasa mahali pale pamebaki wazi mbele ya macho yetu. Mwanga, mvua na muziki huja kulikuza pengo hilo, lakini haviwezi kulizaa.

Tazama sehemu ya kwanza ya Twin Peaks, iliyorushwa na ABC ya Marekani tarehe 8 Aprili 1990. Mwili wa Laura Palmer unapatikana mapema, umeviringishwa kwenye plastiki kando ya maji. Lakini waundaji wake, David Lynch na Mark Frost, hawamkimbilii muuaji. Wanaifuata habari inavyotembea mjini. Mama yake Laura anampigia simu mumewe, ambaye yuko hotelini kwa shughuli za kazi, kumuuliza kama binti yupo naye. Wakiwa bado wanazungumza, baba anamwona sherifu akiingia. Neno kifo halijatamkwa. Simu inashuka kutoka sikioni, kamera inashuka nayo, na humo kwenye simu tunamsikia mama akipasua kilio, kwa sababu ukimya wa mumewe umeshamwambia. Baadaye kidogo tuko darasani. Askari yuko mlangoni, nje msichana anakatiza uwanja akipiga mayowe, na rafiki wa Laura anageuka kukitazama kiti kitupu. Anaanza kulia kabla mkuu wa shule hajatangaza lolote.

Ukilichambua tukio hilo kifundi, utakuta mwandishi alikuwa na orodha ya wote watakaopokea habari, kisha akaiondoa sentensi ya habari yenyewe. Njia hiyo inaweza kufuatwa na yeyote. Andika watu watano au sita ambao kifo hiki kitawaangukia. Chagua watatu tutakaowaona wakipokea, na kila mmoja apokee kwa njia yake: mmoja kwa sauti, mmoja kwa kitu, mmoja kwa kumwona mtu mwingine akivunjika. Katika Broadchurch, iliyoanza ITV ya Uingereza mwezi Machi 2013, njia ni kitu: mama anakimbilia ufukweni na kuviona viatu vya mwanawe chini ya shuka. Havihitaji maelezo, mama anavijua viatu alivyomnunulia mtoto. Kinachoharibu matukio haya mara nyingi ni mpelelezi kukaa sebuleni na kusema pole kwa sentensi nne zilizonyooka. Ikiwa lazima aseme, mpe sentensi moja, na kamera ibaki kwa anayesikiliza.

Mwili unaweza hata kuchelewa. Forbrydelsen ya Denmark, ya mwaka 2007, ilitenga siku moja ya uchunguzi kwa kila sehemu kati ya 20 za msimu wake wa kwanza. Katika sehemu ya kwanza msichana anatafutwa tu, na mwili hautoki hadi mwishoni, ndani ya buti la gari lililovutwa kutoka majini. Muda wote huo wazazi wanaendelea na maisha yao, wanadhani binti yuko kwa rafiki. Sisi tunajua tunachotazama ni tamthilia ya mauaji, wao hawajui, na taharuki yote iko kwenye tofauti hiyo. Hili linafanya kazi kwa sharti moja: utafutaji uwe na hatua zinazobana. Simu haipokelewi, rafiki anasema hajamwona, kitu chake kinaokotwa. Ukiweka dakika 40 za watu kutembea wakiita jina porini, mtazamaji atahama.

Kabla ya kuandika hata tukio moja, tengeneza karatasi mbili. Ya kwanza ni ratiba ya usiku wa mauaji, robo saa kwa robo saa, kuanzia saa mbili kabla ya kifo hadi mwili ulipoonekana, yenye safu moja kwa kila mhusika. Jaza na wale wasio na hatia. Ndio hasa wanaohitaji kuwa mahali fulani wakifanya jambo wasilotaka lijulikane. Ya pili ni ramani ya mji, hata ya kuchora kwa mkono: nyumba ya marehemu iko wapi, kituo cha polisi, njia ya mkato, mwendo wa dakika ngapi kwa miguu. Ramani isipokuwepo, kosa litaonekana sehemu ya tano, pale mtu aliyesema alikuwa anarudi kutoka kazini atakapogundulika kwamba asingeweza kupita pale. Wakati huo sehemu ya kwanza imeshapigwa picha na hairekebishiki.

Ramani hiyo pia ndiyo inayotambulisha mji. Broadchurch inatumia shoti moja ndefu isiyokatwa: baba wa mtoto anatembea mtaani asubuhi, anasalimiana na huyu, anataniana na yule, na kamera inamfuata. Yeye hajui bado. Kwa mwendo ule mmoja tumeonyeshwa nyuso za mji, nani anamfahamu nani, na ukubwa wa mahali. Ni utambulisho na ni maumivu kwa wakati mmoja, maana kila salamu pale ni salamu ya mtu ambaye kesho atashukiwa. Shoti kama hiyo inadai mazoezi ya nusu siku, alama za kusimama kwa kila mwigizaji na watu wa kuziba kila mlango unaoonekana. Ikishindikana, usiikate vipande 20. Chukua vituo vitatu vya mwendo huo, uvipe muda.

Nyuso zisizidi nane au tisa zenye majina. Hapa majina yana umuhimu kuliko watu wanavyodhani: yasianze kwa sauti moja. Kukiwa na Salma, Salima na Selemani katika sehemu ya kwanza, umeshampoteza aliyekuwa anatazama huku akipika. Mpe kila mmoja kazi ya mikono anayoifanya tunapomwona mara ya kwanza, kwa kuwa tutamkumbuka kwa kazi hiyo kabla ya kumkumbuka kwa jina.

Muuaji awemo kati ya hao. Kumleta sehemu ya nne ni kumdhulumu mtazamaji aliyekuwa anafuatilia kwa makini. Namna ya kumficha ni kumpa haja ya kawaida katika tukio ambalo sisi tunaangalia jambo jingine: anatafuta ufunguo, anamvisha mtoto sweta, analalamikia foleni. Broadchurch imefanya hivyo kwa uaminifu mkubwa. Muuaji yuko kwenye sehemu ya kwanza, hakuna muziki unaomnyooshea kidole, na ukirudi kuitazama baada ya kumaliza msimu huoni udanganyifu popote. Mashaka mazito wape wengine, kila mmoja na uongo wake mdogo wenye sababu yake.

Kidokezo nacho hufichwa kwa njia hiyohiyo. Chukua mfano wa kubuni. Mpelelezi yuko jikoni kwa mjane, mazungumzo yamekuwa makali, mjane anageuka kusuuza kikombe ili asionekane akilia. Juu ya kichanja kuna vikombe viwili, vyote vinachuruzika maji. Mjane ameshasema alilala peke yake na hakutokewa na mgeni asubuhi. Kamera haiendi kwenye vikombe. Vinabaki pembeni mwa fremu kwa sekunde nne au tano, vikiwa vinaonekana vizuri lakini si vikali kuliko uso wake, na mtazamaji anaushughulikia uso. Ukikata shoti ya karibu ya vikombe, umekiua. Ukiviweka gizani kiasi kwamba mtu lazima asimamishe picha ndipo avione, hujacheza haki. Kisha mwandishi ajihadhari na kitu kimoja: mtu wa mapambo ya seti akipanga jikoni upya kwa teki ya pili, yaani tukio linaporudiwa kupigwa, vikombe vinakuwa vitatu. Piga picha ya simu ya kichanja hicho baada ya kila teki.

Mpelelezi sasa. Mwonyeshe akifanya kazi kabla ya kutuonyesha jeraha lake. Agenti Cooper wa Twin Peaks hatumwoni hadi zaidi ya nusu saa imepita, na anapoingia yuko kwenye gari akizungumza na kinasa sauti: saa, bei ya chakula cha mchana, jinsi miti ilivyo mizuri. Dakika chache baadaye yuko chumba cha maiti, akichokonoa chini ya ukucha wa marehemu huku taa ya dari ikimetameta kwa hitilafu, na anatoa kipande cha karatasi chenye herufi. Umakini wa bei ya chakula na umakini wa ukucha ni mtu mmoja. Katika Bron, tamthilia ya Sweden na Denmark ya mwaka 2011, mwili umelazwa juu kabisa ya mstari wa mpaka wa Sweden na Denmark, kwenye daraja la Øresund. Gari la wagonjwa lenye mgonjwa wa moyo linaomba kupita. Saga Norén, mpelelezi Mswidi, anakataa kwa sababu ni eneo la tukio. Martin Rohde, mpelelezi Mdenmarki, analipitisha. Tukio hilo moja limewatambulisha wote wawili, na limezaa ugomvi utakaoendelea. Linganisha na mpelelezi anayeamka kwenye kochi, chupa tupu sakafuni, picha ya mke mezani. Hilo ni tangazo la jeraha, na watazamaji wameliona mara nyingi mno.

Eneo la tukio lenyewe huharibiwa kwa uvivu. Polisi wanaojua kazi huzungusha utepe kwa mapana kuliko mwili, humweka mtu mwenye daftari la kuandika kila aingiaye na saa yake, na hutenga njia moja tu ya kuingilia na kutokea. Mpelelezi anayeenda moja kwa moja, anainama na kugusa kola ya marehemu bila glavu, amepoteza imani ya kila anayejua. Na utaratibu huu si mzigo kwa mwandishi. Kumlazimisha mtu avae suti nyeupe ya karatasi, mikono inatetemeka, zipu inagoma, wakati mita 30 mbele yupo mtoto wa jirani yake, ni drama tosha.

Daktari asitoe saa ya kifo kwa dakika. Ukakamavu wa mwili huanza kuonekana kwenye taya na shingo baada ya kama saa 2 hadi 4, huenea mwili mzima karibu na saa 12, kisha hulegea taratibu kuanzia siku ya pili, na baridi huchelewesha yote. Damu huzama upande wa chini wa mwili na wekundu wake hukaza, hauhami tena, baada ya takriban saa 8 hadi 12. Kwa hiyo mwili uliolala chali huku wekundu uko kifuani umehamishwa. Hicho ni kidokezo kizuri sana cha sehemu ya kwanza, maana kinabadilisha swali kutoka nani hadi wapi.

Kwa mwigizaji anayelala kama maiti: apumue nje, asimamishe, na shoti isizidi sekunde 10. Shingo ndiyo inayosaliti, mshipa unapiga. Funika kwa nywele au kola, au chagua pembe nyingine. Ukimlaza kwenye maji baridi atapata vipele vya baridi na kutetemeka, kwa hiyo avae nguo ya kuzuia maji chini ya vazi, na shoti pana ipigwe kwanza kabla hajachoka.

Mwanga ule wa buluu unaopendwa kwenye tamthilia za Denmark na Sweden una sababu ya kijiografia. Kaskazini kule jua la majira ya baridi hupita chini angani siku nzima, na nuru ya magharibi hurefuka. Karibu na ikweta jua huzama wima, na nuru inayotumika baada ya machweo haizidi sana dakika 20. Anayepiga picha huko apange tukio la magharibi lisilozidi shoti mbili, afanye mazoezi mchana, kamera iwe tayari nusu saa kabla. Au arekodi siku ya mawingu mazito, aweke kamera kwenye Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,300 au chini kidogo badala ya 5,600 ya jua, na mandhari yote yaelekee kwenye buluu. Usiende hadi 3,200 ovyo, nyuso zitakuwa za samaki. Taa moja ya manjano dirishani kwa mbali itafanya buluu ile ionekane baridi zaidi kuliko ukiongeza buluu nyingine.

Taa za mitaani na za ofisini huleta balaa la kumetameta lisilokusudiwa. Penye umeme wa Hezi 50, rekodi fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu, ya 1/50 ya sekunde. Ukilazimika kutumia fremu 24, weka shata nyuzi 172.8, ambayo ni ileile 1/50, ndipo mistari itakapotulia. Penye Hezi 60, fremu 24 na nyuzi 144 hutosha. Kagua kwa skrini kubwa, kwa sababu kwenye skrini ndogo ya kamera mara nyingi hakionekani kitu hadi mhariri alalamike.

Mvua haionekani kwa mwanga wa mbele. Taa lazima iwe nyuma yake, ikiangalia upande wa kamera, ndipo kila tone linang'aa. Hata mvua halisi kubwa hupotea kwenye picha bila taa hiyo. Barabara ya usiku nayo imwagiwe maji, lami kavu inakunywa mwanga wote. Lakini lami hukauka, hivyo gari la maji lirudi kabla ya kila shoti pana, la sivyo barabara itakuwa inalowa na kukauka katikati ya sentensi moja. Mvua ya mabomba ina kelele zinazoua mazungumzo. Tandaza mikeka minene pale matone yanapoangukia nje ya fremu, na bado utegemee kurudia sauti studio. Ukungu wa mashine nje ni kamari ya upepo. Uweke ndani, feni zizimwe, vitambuzi vya moshi vishughulikiwe na mwenye jengo.

Sauti ndiyo inayopuuzwa kuliko yote, na ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya hali ninayoizungumzia. Kila mahali, waigizaji wakiwa bado wamesimama pale, rekodi dakika nzima ya ukimya wa mahali hapo: friji, upepo kwenye bati, mlio wa transfoma. Bila hiyo mhariri akikata kati ya mazungumzo utasikia shimo. Ukimya wa chumba cha marehemu usiwe ukimya wa kompyuta, uwe wa chumba chake. Muziki wa mvumo mzito chini ya Hezi 80 hausikiki kabisa kwenye spika za simu wala televisheni nyingi nyembamba, na hapo ndipo watunzi hushangaa kwa nini tukio lao limekuwa tupu. Mwombe mtunzi aongeze tabaka la Hezi 150 hadi 300 juu yake, lisikike kama kivuli cha mvumo ule. Na aache mahali pasipo muziki. Simu ikitulia sikioni mwa mama, usiweke fidla.

Kumalizia sehemu ya kwanza, usitafute mwili wa pili. Tafuta tendo dogo la mtu tuliyemwamini. Sehemu ya kwanza ya Broadchurch ina tendo la namna hiyo: mtoto, rafiki wa marehemu, mwana wa mpelelezi mwenyewe, anafuta ujumbe kwenye simu yake. Hatujui ulisema nini. Tangu hapo kila mpelelezi huyo anapoingia nyumbani, tunajua jambo asilolijua, na nyumba yake imekuwa sehemu ya eneo la tukio. Mwisho wa namna hiyo unapangwa tangu kwenye ile ratiba ya robo saa. Mtu yule awe na safu yake, na safu hiyo iwe na saa moja isiyojazwa.

Mwisho kabisa ni rangi. Picha husawazishwa kwenye chumba cheusi, kwa skrini ghali, halafu hutazamwa sebuleni mchana, pazia liko wazi. Giza lililokuwa na tabaka tano linabaki bamba moja jeusi, na kwa intaneti ya kusuasua anga la usiku linavunjika kuwa mistari mipana. Chembechembe kidogo za picha husaidia kuivunja mistari hiyo. Hamisha nakala kwenye simu ya kawaida, punguza mwangaza hadi nusu, kaa karibu na dirisha saa sita mchana, na utazame tukio la usiku lenye umuhimu kuliko yote. Ikiwa uso wa anayepokea habari hauonekani, rudi uunyanyue uso huo peke yake, na uache vichaka nyuma yake vibaki gizani.